Fimbo Haifundishi Usafi: Habari ya Mtoto wa Mbwa Nyumbani



Juma hili nataka tuongee juu ya jambo dogo linalosumbua nyumba nyingi, nalo ni mtoto wa mbwa anayechafua nyumba. Pengine mmoja wenu atacheka na kusema, "Karani leo amekosa la kuandika." Acheke, si kitu. Lakini namwomba asome mpaka mwisho, maana jambo hili kwangu lilianza kwa mbwa, likaishia kwa mtoto wangu mwenyewe.

Twajua sote desturi ya kwetu. Mbwa ni mlinzi, na mahali pake ni uani. Lakini mtoto wa mbwa wa majuma manane, aliyeachana na mama yake juzi tu, hawezi kulala uani peke yake usiku wa baridi. Basi watu humweka jikoni au stoo mpaka apate nguvu. Tena mijini wako wengi wanaokaa katika nyumba zenye ua mdogo sana, au zisizo na ua kabisa, na mbwa wao hulala ndani ya mlango. Hapo ndipo taabu inapoanza. Asubuhi unashusha miguu kitandani, unakanyaga maji, nayo si maji ya mvua.

Sisi tulimpata wetu wakati wa masika. Jirani alitupa bure, dume mweusi mwenye kifua cheupe. Watoto wakamwita Simba, ingawa siku ile alikuwa mdogo kuliko paka. Tukamtengenezea sanduku jikoni, nami nikatandika magazeti sakafuni ili ajisaidie juu yake usiku, asubuhi niyaokote. (Mhariri aniwie radhi: yalikuwa matoleo ya zamani ya gazeti hili hili.) Nikajiona nimefanya la busara.

Baada ya majuma matatu hivi, nilileta nyumbani orodha za watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nilikuwa nimeziandika kwa mkono jioni mbili. Nikazitandaza sakafuni ili nizipange kigango kwa kigango. Simba akatoka jikoni, akazinusa, akazunguka mara mbili, akachuchumaa juu ya orodha ya kigango cha mbali kuliko vyote. Nilimkamata shingo, nikamsugua pua katika mkojo wake, nikampiga kwa ndala, nikamtupa nje kwenye mvua. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu utoto wangu, wala sikufikiri zaidi.

Sasa tuhukumu kwa haki. Nani alikuwa mwenye kosa? Majuma matatu mazima nimemfundisha mnyama yule kwamba karatasi iliyolala sakafuni ndicho choo chake. Amejifunza vizuri. Siku anapolitimiza somo langu, nampiga. Mimi nilisoma chuo cha ualimu, na mwanafunzi angenifanyia hivyo ningemsifu.

Basi tangu siku ile Simba hakujisaidia tena mbele yangu. Nikafurahi nikidhani amejirekebisha. Kumbe sivyo. Tukaanza kukuta uchafu mahali pa ajabu: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, na hasa nyuma ya gunia la mahindi. Nikasema, "Huyu ni mjanja, anafanya makusudi." Nikampiga tena. Nikimpeleka nje hakutaka kufanya haja karibu nami hata kidogo. Alikaa ananitazama, na tulipoingia ndani alitoweka, mara harufu ikasikika.

Binti yetu alikuwa na miaka saba. Asubuhi moja mama yake alivuta gunia lile ili afagie, akakuta shuka la mtoto limeviringishwa na kufichwa pale, limelowa mkojo. Hakupiga kelele. Alimwita taratibu, akamwuliza kwa nini hakusema. Mtoto akatazama chini, akajibu, "Niliogopa Baba ataninusisha."

Wasomaji wangu, mimi sikupata kumpiga mtoto yule kwa ajili ya kukojoa kitandani hata siku moja. Lakini macho yake yalikuwa yameona yanayompata mdogo anayelowesha mahali pasipofaa, naye akajifunza kama Simba alivyojifunza. Fimbo yangu haikumfundisha yeyote usafi. Iliwafundisha wote wawili kujificha, tena nyuma ya gunia moja.

Siku ile nilikwenda kumwona bwana mifugo wa kata yetu. Alinisikiliza, kisha akaniambia, "Karani, tuanze upya. Na wa kufundishwa kwanza ni wewe." Haya ndiyo niliyojifunza kwake na katika vitabu, nami nimeyajaribu mwenyewe.

Kwanza, tujue jinsi mtoto wa mbwa alivyoumbwa. Akizaliwa hawezi hata kujisaidia bila msaada. Mama yake humlamba tumboni na nyuma ili haja itoke, na uchafu wote huusafisha kwa ulimi wake. Afikapo majuma matatu hivi, huanza mwenyewe kutoka mahali anapolala akafanye haja kando. Maana yake ni kwamba Mungu amekwisha kumpa mbegu ya usafi: hapendi kuchafua malazi yake. Kazi yetu ni kuikuza mbegu ile, ili aone kwamba nyumba nzima ni malazi, na choo ni uani. Na kadiri ya majuma manane huanza kupenda aina ya mahali atakapojisaidia, iwe majani, mchanga, saruji au karatasi. Akizoea saruji, kumgeuza baadaye ni kazi. Kwa hiyo umpeleke mapema pale unapotaka azoee. Asiye na ua aweza kutumia karatasi, lakini ajue kwamba siku akitaka mbwa atoke nje atalazimika kumfundisha mara ya pili.

Pili, tujue nguvu zake. Mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili au tatu mchana, na akicheza hata saa moja ni nyingi. Si ukaidi, ni mwili wake haujakomaa. Ukimfungia jikoni tangu asubuhi mpaka urudi kazini jioni, umemlazimisha kuchafua, nawe huna haki ya kukasirika.

Tatu, ziko nyakati ambazo haja haina budi kuja. Akiamka usingizini, iwe asubuhi au mchana, mtoe mara moja. Akila, mtoe kabla ya nusu saa kupita. Akicheza, mtoe. Kabla ya kulala, mtoe. Ukiona ananusa sakafu na kuzunguka, usimalize hata sentensi unayosema, mtoe. Kwa sababu hiyo apewe chakula kwa saa maalumu, mara tatu au nne kwa siku akiwa mdogo, si kuachiwa sahani kutwa nzima. Chakula kikiingia kwa saa, na haja itatoka kwa saa. Maji usimnyime.

Nne, mpeleke mahali pale pale kila mara, kwa kamba ikiwezekana, nawe usimame naye. Usimsukume nje na kufunga mlango, maana atakaa akilia mlangoni, na ukimfungulia atafanya ndani. Harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo. Chagua neno moja, ulitumie kila siku. Sisi husema, "Haya, fanya." Akimaliza, pale pale, msifu kwa sauti ya furaha na kumpa kitu kidogo: dagaa mmoja, au tonge la ugali. Ukingoja mpaka mfike jikoni ndipo umpe, atadhani analipwa kwa kuingia jikoni.

Hapa nilikumbuka masomo ya chuoni. Tulifundishwa habari za Mmarekani mmoja aitwaye Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 aliandika juu ya paka aliowafungia ndani ya masanduku. Paka alipogusa kwa bahati kile kinachofungua mlango, alitoka na kupata chakula. Na kila alipofungiwa tena alitoka upesi zaidi. Tendo linalofuatwa na jema hurudiwa. Sisi tuliandika maneno hayo katika madaftari, tukajibu mtihani, tukayaacha huko huko. Mimi niliyapata tena uani, saa kumi na moja alfajiri, mkononi nimeshika dagaa.

Tano, asiachwe kutembea nyumba nzima. Ukiwa huwezi kumwangalia, mweke mahali padogo penye malazi yake, kwa muda mfupi. Akikaa majuma kadhaa bila kuchafua, mwongezee chumba kimoja, kisha kingine. Kitumbua huanza na mwiko mmoja wa unga.

Sasa, akikosea je? Maana atakosea. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja au sema "Nje!" bila kumtisha, mbebe, umpeleke amalizie mahali pake, kisha msifu. Ukikuta uchafu baada ya tendo, hata kama ni dakika tano tu, somo limekwisha kupita. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na mkojo wa tangu asubuhi. Chukua tambara, pangusa, unyamaze. Osha kwa sabuni na maji, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji ili harufu iishe. Usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa sababu yanukia kama mkojo wenyewe, na pua ya mbwa itaona kwamba hapo ndipo chooni.

Najua mtaniambia, "Karani, mbona mbwa wangu akifanya kosa hujikunja, hushusha masikio na kutazama pembeni? Anajua kosa lake!" Hata mimi nilisema hivyo. Lakini mwaka 2009 mwanamke mtaalamu aitwaye Alexandra Horowitz, wa Chuo cha Barnard mjini New York, alitangaza jaribio alilolifanya kwa mbwa 14 na wenye mbwa hao. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Mara nyingine mbwa alipewa akala, mara nyingine chakula kiliondolewa asiguse. Mwenyewe aliporudi, mara nyingine aliambiwa kweli, mara nyingine aliambiwa uongo. Ikaonekana kwamba ile sura ya kujuta haikutokana na kosa. Ilitokea pale mwenye mbwa alipokemea. Na waliokemewa bila kosa walijikunja kuliko wenye kosa. Basi kile tunachokiita toba ni hofu tu. Mbwa anaisoma hasira katika uso wetu, na anatuomba tusimwumize.

Kwa hiyo msidanganyike pia na mtoto wa mbwa anayetokwa na mkojo kidogo mnapomwinamia au mnaporudi nyumbani. Huyo anaonyesha unyenyekevu au furaha iliyomzidi. Mkimpiga, ataongeza. Mwingieni kwa utulivu, mchuchumae, msalimieni uani. Na yule anayekojoa matone matone mara nyingi, au mwenye damu katika mkojo, ni mgonjwa; apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Niongeze maneno machache ya afya, kwa kuwa tunakaa na watoto. Watoto wa mbwa wengi huwa na minyoo tangu kwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi, na yakikaa udongoni kwa majuma mawili au zaidi hukomaa na kuweza kumdhuru mtoto anayechezea udongo na kutia vidole mdomoni. Basi kinyesi kiondolewe na kuzikwa siku ile ile, watoto wanawe mikono kwa sabuni, na mbwa apewe dawa ya minyoo kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Kadhalika afikapo miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na baadaye arudiwe kwa wakati wake. Wataalamu wanakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na watoto wengi wamo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Nami nawaambia hivi: siku ya chanjo mbwa wengi hukosa sindano kwa sababu hakuna wa kuwashika. Mbwa aliyejua mkono wa bwana wake kwa kipigo tu, atakubali kushikwa na nani?

Mzee mmoja hapa parokiani aliponisikia nikisema haya, alinijibu kwa methali: "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Namheshimu mzee wangu, na methali ni ya kweli. Lakini kuacha fimbo si kuacha malezi. Nilipokuwa nikimpiga Simba, kazi yangu ilikuwa ya dakika moja, kisha nikarudi kitini. Nilipoacha kumpiga, nililazimika kuamka alfajiri kila siku, na kutoka tena saa nne ya usiku, hata mvua iliponyesha. Majirani walimwona karani wao amesimama chini ya mwavuli, akimwambia mbwa kwa upole, "Haya, fanya." Walicheka sana. Lakini niwaulize: ni lipi lililokuwa gumu, na ni lipi lililokuwa la mvivu? Wahenga walisema pia, "Udongo uwahi ungali maji." Nani amepata kumwona mfinyanzi akiupiga udongo mbichi kwa rungu ili uwe chungu?

Simba alichukua muda. Mbwa wengi huzoea wakiwa na miezi minne hadi sita, na wengine hukawia zaidi. Kwa kuwa wetu nilimharibu mwenyewe, majuma mawili ya kwanza hakutaka kufanya haja nikiwapo. Nikamfunga kwa kamba ndefu, nikageuka kando kana kwamba natazama migomba. Siku alipofanya, nilimpa dagaa watatu kwa mpigo. Alipofika miezi sita alikuwa anakwenda mlangoni mwenyewe na kukwaruza. Mvua kubwa ikinyesha hukosea mara moja moja hata sasa, nasi twapangusa.

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia alipofunga safari pamoja na malaika, mbwa naye aliwafuata. Hatuambiwi jina lake wala kazi yake. Lakini mbwa hamfuati safarini mtu anayemwogopa.

Sasa nirudi kwa binti yetu. Watoto wanaokojoa kitandani si wachache: kati ya watoto mia wa miaka saba, watano hadi kumi bado hulowesha. Mara nyingi ni jambo la ukoo, nao hawafanyi kwa uvivu wala makusudi, maana wamelala. Mtoto aliyekuwa amekwisha kukauka miezi mingi kisha akaanza tena, mzazi atafute sababu: pengine ni ugonjwa, pengine ni hofu ya nyumbani au ya shuleni. Apelekwe zahanati, wala asiaibishwe mbele ya wenzake, wala asivikwe shuka kichwani na kuzungushwa mtaani kama baadhi yetu tulivyofanyiwa.

Jioni ile ile nilimketisha karibu nami nikamwambia kwamba nilimkosea Simba, na kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu atakayenusishwa kitu tena. Hakujibu. Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi, kama anayengoja kuona. Alingoja muda mrefu. Kila alfajiri nilipotoka na Simba nilijua kwamba nyuma ya pazia ziko macho mawili yanayoniangalia ninavyofanya mbwa akikosea.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja nilikuwa navaa viatu niende ofisini, akaja na shuka lake mikononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chai iko tayari, "Baba, leo nimelowesha." Nikamwambia, "Haya mama, tulianike." Tukaenda naye uani, tukalisuuza, tukalianika, Simba akitufuata nyuma.

Nilichelewa ofisini siku ile. Baba Paroko aliniuliza sababu, nikamweleza, naye akasema nimechelewa kwa haki.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia